Mzee kabadilika ghafla? Kabla hujasema ni umri, angalia dawa zake

Kuna sentensi naisikia sana nikiwa nyuma ya kaunta ya dawa, mtu anakuja kumchukulia dawa mama yake au baba yake anasema "siku hizi kachoka tu, si unajua uzee", alafu ukimuuliza kachoka tangu lini anafikiria kidogo anasema kama wiki tatu hivi. Sasa uzee hauanzi wiki tatu zilizopita. Kitu kilichoanza wiki tatu zilizopita kina tarehe, na kwa mtu wa miaka sabini na kitu anayemeza vidonge sita saba kwa siku, pa kwanza kupachungulia ni kwenye hivyo vidonge, kuna nini kilibadilika kipindi hicho.

Mwongozo huu ni mrefu kidogo, usome ukiwa na daftari na kalamu. Majina ya dawa nimeyaandika kama tunavyoyatamka, kwenye boksi utayakuta yamepungua herufi ya mwisho au yamebadilika kidogo, kwahiyo ukiona jina linafanana muulize mfamasia, usibahatishe.

Kwanini dozi ya kijana inamzidi mzee

Dawa nyingi zinatoka mwilini kupitia figo, na figo zinapungua nguvu taratibu kuanzia miaka ya 40 hivi hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Mtego uko kwenye kipimo. Kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, inatokana na misuli, na mzee aliyekonda hana misuli mingi, kwahiyo majibu yanatoka "kawaida" wakati figo zinafanya kazi nusu tu. Ndo maana daktari makini hasomi ile namba peke yake, anapiga hesabu akiingiza na umri, na kwa baadhi ya dawa na uzito pia. Ukiambiwa figo ziko sawa uliza tu kwa heshima, "hesabu ya kasi ya kuchuja imetoka ngapi?"

Kingine ni kwamba mwili wa mzee una maji kidogo na mafuta mengi kuliko alivyokuwa kijana, na dawa zinazopenda mafuta zinajificha humo zinatoka kidogo kidogo. Diazepamu, dawa ya usingizi na wasiwasi, ndo mfano unaoshangaza watu. Kwa kijana wa miaka 20 nusu ya dawa inakuwa imetoka ndani ya masaa 20 hivi, kwa mtu wa miaka 80 inaweza kuchukua masaa 80 na zaidi. Yani kidonge alichomeza jumatatu usiku, alhamisi usiku karibu nusu yake bado iko mwilini, na hapo katikati ameshameza cha jumanne na cha jumatano. Alafu asubuhi tunashangaa mzee anayumba.

Ongeza ini ambalo linapata damu kidogo kuliko zamani, ubongo ambao unalewa haraka na dawa yoyote ya kutuliza, na mishipa ambayo haikazi haraka akisimama. Dawa ni ileile, dozi ileile, ila mwili unaoipokea sio uleule.

Hatua ya 1: mwaga dawa zote mezani

Sio kuuliza "unatumia dawa gani", atakutajia tatu. Omba ruhusa, fungua droo, mkoba, chini ya mto, dirishani, mwaga zote mezani. Utakuta na za mwaka juzi. Vitu ambavyo watu hawavihesabu kama dawa na ndo vinaleta shida: matone ya macho, mafuta ya kuchua, sindano za mwezi, dawa za mafua, vitamini, dawa za asili kwenye chupa isiyo na lebo, na vidonge alivyogawiwa na rafiki yake kwa sababu "mimi vimenisaidia sana". Matone ya macho usiyadharau, timololi ya presha ya jicho inapenya kwenye damu na inaweza kushusha mapigo ya moyo au kubana kifua cha mwenye pumu. Akishadondosha akandamize kona ya jicho upande wa pua kwa dakika 2 hivi, dawa inabaki jichoni haishuki.

Sasa andika. Kila dawa mstari wake: jina kama lilivyo kwenye boksi (jina la kitaalamu lile la maandishi madogo, sio la biashara peke yake), miligramu ngapi, mara ngapi, inatibu nini, nani aliandika, ilianza tarehe gani, na dozi ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Hiyo safu ya tarehe ndo watu wanairuka na ndo yenye kazi kubwa kuliko zote, huko mbele utaona. Kama tarehe huikumbuki weka makadirio, "baada ya kulazwa mwezi wa pili" inatosha.

Wakati unaandika utagundua mambo mawili. La kwanza ni dawa moja yenye majina mawili, mfano hospitali moja imempa ya presha kwa jina la kampuni hii na nyingine imempa ileile kwa jina la kampuni ile, na yeye anameza zote mbili kwa uaminifu. Parasetamoli ndo bingwa wa mchezo huu, ipo peke yake, ipo kwenye dawa za mafua, ipo imechanganywa na za maumivu makali. Kikomo ni gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yani vidonge 8 vya 500, na mzee mdogo wa mwili mwenye chini ya kilo 50 anatakiwa kupewa pungufu ya hapo.

La pili ni dawa ambayo hakuna anayejua inatibu nini. Iwekee alama ya kuuliza, usiitupe bado.

Hatua ya 2: zijue zile zenye sifa mbaya

Mwaka 1991 daktari mmoja wa Marekani, Mark Beers, na wenzake walitoa orodha ya dawa ambazo kwa wazee hasara yake inaweza kuzidi faida. Orodha hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake na chama cha madaktari wa wazee cha huko kinaihuisha, mojawapo ya matoleo yake ni la 2023. Ireland nao wana yao inaitwa STOPP, ilitoka 2008. Dawa kuwemo humo haimaanishi ni sumu, inamaanisha kabla ya kumpa mzee lazima kuwe na sababu nzuri na mtu wa kumwangalia.

Ninazokutana nazo sana ni hizi. Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofeni, hizi zinachubua tumbo mpaka damu inavuja, zinapandisha presha, zinabana figo na zinajaza maji kwa mwenye moyo dhaifu, na mbaya zaidi zinauzwa kirahisi mno. Dawa za aleji za zamani zinazolaza, klorofeniramini na promethazini, ambazo pia zimejificha kwenye dawa nyingi za mafua na kikohozi, pamoja na amitriptilini ya sonona, zinakausha mdomo, zinafunga choo, zinaziba mkojo kwa wanaume wenye tezi dume na zinavuruga akili. Dawa za usingizi na wasiwasi kama diazepamu, hapo ni kuanguka na kuvunjika nyonga. Glibenklamidi ya kisukari, inakaa muda mrefu mwilini na inashusha sukari usiku wakati wote mmelala. Na aspirini ya kila siku kwa mtu wa umri huo ambaye hajawahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi, akiwa ameianza mwenyewe tu kwa sababu alisikia ni nzuri kwa moyo.

Ila zinazopeleka wazee hospitali kwa wingi sio hizo za ajabu ajabu. Utafiti uliotoka 2011 Marekani uliangalia watu wa miaka 65 na kuendelea waliolazwa kwa dharura sababu ya madhara ya dawa, karibu theluthi mbili walitokana na makundi manne tu: warfarini ya kuzuia damu kuganda, insulini, vidonge vya kuzuia chembe sahani za damu kugandana kama aspirini na klopidogreli, na vidonge vya kisukari. Dawa za kawaida kabisa, na nyingi zilikuwa zinahitajika kweli. Kwahiyo kama mzee wako yuko kwenye mojawapo, mstari wake kwenye daftari uchore nyota.

Na methotreksati, hii naiweka peke yake. Kwa baridi yabisi inamezwa mara moja kwa WIKI. Kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, kwa sababu vidonge vingine vyote ni kila siku na mkono umeshazoea. Andika siku yake kwa herufi kubwa kwenye boksi, na akipata vidonda mdomoni na homa mpeleke siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: angalia zinazogombana

Kukariri zote huwezi, mimi mwenyewe natumia kompyuta. Ila kuna chache ambazo mtu yeyote anayelea mzee azijue.

Kuna utatu unaoua figo: dawa ya presha ya kundi la enalaprili, lisinoprili au losartani, jumlisha dawa ya kukojoza kama haidroklorothayazidi au furosemaidi, jumlisha diklofenaki au ibuprofeni. Mbili za kwanza mara nyingi zimeandikwa pamoja na daktari na ziko sawa tu, sasa goti likiuma mzee anajinunulia ya tatu. Figo inapungukiwa damu kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Kama anatumia hizo mbili, dawa ya goti iwe parasetamoli au ya kupaka, na daktari ajue.

Warfarini inagombana na karibu kila mtu. Metronidazoli, kotrimoksazoli, flukonazoli, siprofloksasini, zote zinaweza kuipandisha mpaka mtu anavuja damu. Akiandikiwa antibayotiki yoyote sema neno warfarini kwa sauti, na uliza lini kipimo cha damu kirudiwe, kwa kawaida ni ndani ya siku chache na sio mwezi ujao. Kotrimoksazoli hiyohiyo ikikutana na enalaprili au spironolaktoni ya kukojoza inapandisha potasiamu, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama bila dalili za kukuandaa. Hata zile chumvi mbadala zinazouzwa kwa watu wa presha nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, soma lebo.

Simvastatini ya kolesteroli na antibayotiki ya klarithromaisini: misuli inauma, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Tramadoli ya maumivu na dawa nyingi za sonona: kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa. Dawa za asili zenye vitunguu saumu vilivyokolezwa au ginko pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda, kuvuja damu. Mzee asiogope kutaja za asili, na wewe usimkaripie akizitaja, ukimkaripia ataendelea kuzinywa ila hutajua.

Hatua ya 4: jifunze jinsi madhara yanavyojificha

Hapa ndo penye uzito. Kijana akidhurika na dawa anakuambia, "nimemeza hii nikatapika". Mzee mara nyingi hatapiki wala hapati vipele, anabadilika tabia. Anaanguka. Anaacha kula. Anasinzia mchana kwenye kiti. Anakuita jina la dada yake. Anajikojolea wakati hajawahi. Na kila kimoja kati ya hivyo familia ina maelezo yake tayari: kazeeka, kasusa, kaanza kusahau.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya masaa au siku, kunakopanda na kushuka, asubuhi mzima jioni hayupo, huko sio ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ule unakuja kwa miezi na miaka. Hii ya ghafla ni dharura, na dawa ni moja ya sababu zake kubwa pamoja na maambukizi. Na sio lazima apige kelele na kuona maruweruwe. Kuna aina ya kimya, mzee katulia mno, anajibu taratibu, watu wanasema leo kapumzika vizuri. Mimi hiyo ya kimya ndo inanitisha zaidi.

Sasa rudi kwenye safu ya tarehe. Dalili imeanza lini, na ni nini kilianzishwa, kuongezwa, kupunguzwa au KUACHWA kabla ya hapo? Aleji kali huja ndani ya dakika au masaa. Usingizi na kizunguzungu siku za mwanzo. Vipele vibaya vya ngozi wiki ya kwanza mpaka ya nane hivi. Chumvi ya damu kushuka kwa sababu ya haidroklorothayazidi au dawa za sonona, mara nyingi wiki za mwanzo, mzee analegea, kichwa kinauma, anachanganyikiwa, na wala hakuna anayehisi kidonge cha presha. Kikohozi kikavu cha enalaprili wiki mpaka miezi. Ganzi ya miguu kutokana na metformini ya kisukari kumaliza vitamini B12, hiyo miaka, na kila mtu anasema ni kisukari. Na kuna wa kushangaza, midomo na ulimi kuvimba kwa enalaprili kunaweza kutokea hata baada ya mtu kuitumia miaka bila shida yoyote.

Nikupe ya nyumbani kwangu, na kazi hii naifanya kila siku bado ilinipita. Baba aliongezewa amlodipini ya presha kutoka miligramu 5 kwenda 10. Baada ya wiki kadhaa miguu ikavimba, soksi zinaacha alama. Tukampeleka, akapewa dawa ya kukojoza. Uvimbe ulipungua kidogo tu, manake uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini, ni vimishipa vidogo vinavyovujisha, lakini dawa ya kukojoza ilifanya kazi yake nyingine, akawa anaamka usiku mara nne na akisimama kichwa kinazunguka. Akaanguka mlangoni mwa bafu. Pengine tena akaandikiwa sinarizini ya kizunguzungu. Miezi mitatu mbele mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, anatembea hatua fupi fupi kama anaburuza miguu, na mtu akataja ugonjwa wa Parkinson na dawa yake. Ndo daktari mmoja kijana akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo: "kati ya hizi zote ipi ilianza kwanza?" Tukahesabu kurudi nyuma. Dawa nne, mzizi mmoja. Amlodipini ikarudishwa 5 na kuongezewa kundi jingine, ya kukojoza ikaondolewa, sinarizini ikaondolewa, miguu ikawa sawa. Kutetemeka kulichukua karibu miezi minne kuisha.

Hiyo inaitwa msururu wa dawa, madhara ya dawa yanasomwa kama ugonjwa mpya na kupewa dawa mpya. Misururu mingine ya kuangalia: ibuprofeni inapandisha presha anaongezewa ya presha, enalaprili inaleta kikohozi anapewa antibayotiki, metoklopramidi ya kichefuchefu inaleta kutetemeka anapewa ya Parkinson, prednisoloni inapandisha sukari anaanzishiwa ya kisukari, donepezili ya kusahau inaleta kukojoa ovyo anapewa oksibutinini ya kibofu ambayo inamrudisha kwenye kusahau. Kila akiandikiwa dawa mpya uliza: hii dalili inaweza kuwa inatoka kwenye dawa nyingine anayotumia?

Hatua ya 5: pima nyumbani, sio kukisia

Mashine ya presha ya mkono (ya juu ya kiwiko, za kifundo cha mkono zinakosea kirahisi) watu wengi wanaitumia nusu. Wanampima kakaa. Mpime hivi: alale dakika 5, pima. Asimame, wewe uko karibu umeshika kiti, pima baada ya dakika 1, alafu dakika ya 3. Tuseme kalala 148/82, dakika ya kwanza 121/74, ya tatu 118/70. Namba ya juu imeshuka kwa 30. Ikishuka 20 au zaidi ya juu, au 10 ya chini, hiyo ni presha ya kusimama na ina maana kuna dawa ya kuzungumzia, ya presha, ya kukojoza, ya tezi dume kama tamsulosini au doksazosini, au ya usingizi. Pima kabla ya dozi ya asubuhi na masaa mawili hivi baada yake, siku tatu, andika. Hiyo karatasi ukimpelekea daktari inamsaidia kuliko kusema "anapata kizunguzungu".

Mapigo pia yapo kwenye mashine hiyohiyo. Kwa anayetumia dawa za moyo na presha kama digoksini, atenololi, bisoprololi au ile timololi ya matone ya macho, chini ya 50 au akiwa amelegea, piga simu. Digoksini ikizidi anakosa hamu ya kula, anatapika, na wengine wanaona vitu vya njano.

Sukari: chini ya 4 (au 70 kwa mashine zinazosoma miligramu) imeshuka. Kama anameza vizuri mpe sukari vijiko vidogo vitatu mpaka vinne kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado, alafu ale. Kama hajitambui usimimine kitu mdomoni, hospitali. Dawa za moyo na presha kama propranololi zinaficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, jasho ndo linabaki, kwahiyo mzee wa kisukari anayelowa jasho bila joto mpime kwanza maelezo baadae. Na kama iliyoshusha ni glibenklamidi, hata akizinduka mpeleke, inaweza kushusha tena masaa kadhaa baadae.

Hatua ya 6: lini kukimbia na lini kusubiri kesho

Kimbia sasa hivi: midomo, ulimi au uso kuvimba, kupumua kwa shida, choo cheusi cha kunata kama lami au kutapika damu, kujigonga kichwa akiwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda hata kama anasema yuko salama, kuzimia, degedege, kuchanganyikiwa kwa ghafla, kutoamka vizuri, mkojo kukata, vipele vyenye malengelenge pamoja na homa au vidonda mdomoni na machoni. Hiyo ya mwisho, alopurinoli ya gauti, karbamazepini ya kifafa na antibayotiki ya kotrimoksazoli ni wahusika wakubwa. Dozi inayofuata ya dawa unayoishuku usimpe kabla hajaonwa, na beba dawa ZOTE na daftari.

Ndani ya siku moja mbili: kizunguzungu kipya, miguu kuvimba, michubuko isiyo na sababu, kutokula, kuharisha au kutapika, misuli kuuma, kufunga choo siku tatu. Maumivu ya kano nyuma ya kisigino kwa anayemeza siprofloksasini, hasa akiwa na prednisoloni, pia hapa, na asitembelee huo mguu.

Kuharisha na kutapika kuna hatari yake. Maji yakipungua, metformini, dawa za kukojoza, enalaprili na wenzake zinaweza kuangusha figo, kwahiyo uliza mapema, siku akiwa mzima, "akiharisha zipi tusimamishe na kwa siku ngapi?" na uandike jibu.

Hatua ya 7: usikate dawa kwa hasira

Ukishasoma haya yote kuna kishawishi cha kutupa nusu ya boksi. Usifanye hivo. Propranololi na atenololi zikiachwa ghafla moyo unaweza kushtuka, klonidini ya presha inarusha presha juu, prednisoloni ya muda mrefu ikikatwa mwili unazimika kwa kukosa homoni yake, diazepamu na dawa za kifafa zinaleta degedege. Zinapunguzwa kwa ngazi, moja moja, na kila ngazi inaandikwa tarehe, ili ikitokea kitu ujue ni ipi.

Kwa daktari usiende na lawama, nenda na maswali mafupi. Ipi kati ya hizi bado anaihitaji? Tunaweza kuanza na dozi ndogo? Tutajuaje kama inafanya kazi, na lini tuje kuangalia? Madaktari wengi wanafurahi kuulizwa hivi, wachache wananuna, ukikutana na anayenuna muombe mfamasia akupitie orodha nzima kabla hujaondoka. Na mzee mwenyewe awepo kwenye maongezi, ni mwili wake, mara nyingi anajua kitu ambacho hujawahi kumuuliza.

Akitoka kulazwa ndo wakati hatari kuliko wote. Hospitali imebadilisha dawa, nyumbani za zamani bado zipo, na siku ya kwanza anameza seti mbili. Kabla hamjatoka wodini uliza ipi mpya, ipi imebadilishwa dozi, ipi imeondolewa, na zilizoondolewa zitoke ndani ya nyumba, zirudishwe famasi.

Kumeza kwenyewe: vidonge vya kuachia dawa taratibu visisagwe wala kupasuliwa, vinamwaga dozi ya siku nzima kwa mkupuo. Alendronati ya mifupa ni kwa glasi nzima ya maji na akae wima nusu saa, akijilaza inachoma koo. Kisanduku chenye vyumba vya siku ni kizuri, ila usikate karatasi ya vidonge kwa mkasi ukamwekea kipande na kidonge ndani yake, mzee asiyeona vizuri anameza pamoja na ile plastiki, na kingo zake zinakata koo kama wembe.

Ikithibitika dawa imemdhuru, omba iandikwe kwenye faili lake na taarifa iende mamlaka ya dawa ya nchi, fomu zipo na hata ndugu anaweza kuripoti kwenye nchi nyingi. Kwenye daftari lako iandike ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu: jina la dawa, kilichotokea, tarehe. La baba limeandikwa "amlodipini 10 – miguu, sinarizini – mkono", na anapoenda popote analibeba mwenyewe mfuko wa shati, anaonyesha kabla hajasalimia.